Diwani wetu aliweka magoli ya vijana kwa watu kama anavyoweka ng'ombe, siku ya mechi tukawa na goli moja

Wakuu, heshima zenu. Na wewe unayesoma hapa kazini huku bosi anapita nyuma yako, heshima yako pia.

Mimi siyo mtu wa kuanzisha nyuzi. Huwa napita, nasoma, nacheka, naondoka. Ila hili jambo limenikaa kooni tangu mwaka jana, nimeona nilitoe. Sijaongeza chumvi, maana lilitoka jikoni likiwa na chumvi ya kutosha.

Niko Musoma. Nina kibanda cha kutengeneza simu Mwisenge, na ni katibu wa timu ya mpira ya mabinti wa kata yetu. Jina la kata nalihifadhi, maana diwani bado ni diwani na mimi bado napita mbele ya ofisi yake kila asubuhi. Wa Musoma mkiijua, kaeni nayo tu.

Mods, naomba msiupeleke jukwaa la siasa. Huu ni uzi wa michezo. Na ng'ombe kidogo.

Twende.

Miaka mitatu kabla ya haya ninayosimulia, kata yetu ilipata vifaa vya vijana kutoka kwa wafadhili. Magoli mawili ya chuma, yale ya kubebeka. Nyavu zake. Mipira kumi. Viti vya plastiki, na TV kubwa ya kituo cha vijana.

Kituo chenyewe hakipo mpaka leo. TV yake ndiyo ilitangulia.

Mheshimiwa diwani akaitisha mkutano wa kujadili vitunzwe wapi. Huyu ni mtu wa makamo, kazaliwa vijijini Butiama kwenye familia ya wafugaji, mjini kaja ukubwani. Suti anavaa na tai anafunga, lakini akisimama muda mrefu anaanza kusimama kwa mguu mmoja kama ameegemea fimbo.

Na niseme mapema, Mheshimiwa siyo mwizi. Hajawahi kula hata peremende ya mtu. Wakati mwingine natamani angekuwa mwizi, maana mwizi unajua pa kumshtaki. Mtu mwaminifu utamshtaki wapi?

Akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, mimi nimechunga. Ng'ombe wote ukiwaweka zizi moja, ugonjwa ukiingia unabaki na kamba mkononi. Baba yangu alikuwaga na ng'ombe wengi, lakini ukija pale nyumbani unakuta wanne tu. Wengine wako kwa watu. Sasa na hii mali ya vijana tutaiweka kwa watu."

Kwa wale wa Dar na Pwani nieleze. Huku kwetu, mwenye ng'ombe wengi hakai nao wote. Anamwekea rafiki au ndugu wa kijiji kingine. Yule anayewekewa anachunga, anakunywa maziwa, samadi ni yake. Ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na wakizaliana, baada ya muda yule mchungaji anapewa ndama wake kama shukrani. Ni utaratibu mzuri kabisa, umeokoa koo nyingi na njaa.

Shida ni kwamba hakuna aliyewahi kuujaribu kwenye TV.

Mheshimiwa akaendelea na falsafa yake kuhusu vijana. Alisema vijana wa siku hizi hawana subira, wanashinda kwenye pool table na kubeti, na mtu wa hivyo hapewi kitu mkononi.

"Kijana ukimpa kitu, anakitumia," akasema. "Mzee ukimpa, anakitunza. Sasa nyie mnataka kutumia au mnataka kutunza?"

"Kutunzaaa!" mkutano ukaitika.

Binti mmoja tu ndiye alinyoosha mkono. Bhoke, kipa wetu, wakati huo yuko kidato cha pili, kavaa sare ya shule.

"Mheshimiwa, sasa sisi tutachezea nini?"

"Mtachezea mkishakuwa serious," Mheshimiwa akajibu, watu wakacheka.

Wakuu, na mimi nilicheka. Tena nilipiga na makofi. Baba yangu mwenyewe ana ng'ombe kwa watu, kwa hiyo niliona mzee kaongea point. Mimi ndiye nilikuwa naandika muhtasari, nikaandika "wajumbe waliafiki kwa kauli moja." Swali la Bhoke sikuliandika. Niliona linaharibu mtiririko.

Basi vifaa vikagawanywa. Mipira ikaenda kwa mzee mmoja mstaafu hapa hapa mtaani. TV kwa dada yake Mheshimiwa, viti kwa mama mmoja wa kwaya. Nyavu kwa shemeji wa Mheshimiwa huko Bunda. Magoli yakapelekwa kwa baba yake mkubwa Buswahili, maana mjini wanunuzi wa vyuma chakavu hawalali.

Nikatize kidogo hapo kwenye mipira.

Huku kwetu ng'ombe akifia kwa mtu uliyemwekea, anakuletea ngozi ili uamini kweli amekufa na hakuuzwa. Sasa yule mzee mstaafu ana wajukuu. Wajukuu walikuwa wanacheza na ile mipira uani. Kila mpira ukipasuka, mzee anavaa koti, anachukua lile gamba la mpira, anampelekea Mheshimiwa ofisini kwa heshima zote.

Mpaka leo kuna magamba tisa yamening'inia kwenye msumari ofisi ya kata. Wageni wakija Mheshimiwa anawaonyesha. "Unaona huyu mzee? Hata moja hajaficha."

Tuendelee. Miaka mitatu mabinti wanafanya mazoezi na mpira wa kuchangishana, goli ni jiwe huku na sweta kule. Mechi zote tunacheza ugenini, kwa hiyo hatukuwahi kukwama.

Bhoke sasa kamaliza kidato cha nne, matokeo si mabaya, ila nyumbani wako yeye na mama yake anayeuza dagaa. Kidato cha tano kilikuwa ndoto ya mchana.

Halafu kuna mwalimu wa michezo wa sekondari moja ya binafsi upande wa Bunda akasikia habari zake. Akanipigia. Akasema ana nafasi moja ya kipa, atasomeshwa mpaka amalize kidato cha sita. "Ila sichukui kipa kwa kuambiwa. Nionyeshe mechi moja nzima."

Na kweli Mungu si Athumani, ligi ya mabinti ikatupangia mechi ya nyumbani. Jumamosi. Nikamwambia mwalimu njoo.

Mama Bhoke alikuja kibandani kwangu siku hiyo hiyo. Aliuliza tu kama mwalimu anapenda dagaa wa kukaanga au wa kuchemsha.

Barua ya ligi ilikuwa na kanuni moja fupi: timu mwenyeji ahakikishe magoli mawili yanayofanana, yenye nyavu. Asipokuwa nayo, mgeni anapewa ushindi. Mtauliza kwa nini tusiazime uwanja wa shule. Uwanja ulishasajiliwa jina na mabadiliko yalikuwa yamefungwa. Nilijaribu.

Jumanne nikaenda kwa Mheshimiwa. Akafungua daftari lake, akanisomea nani ana nini, kwa fahari kabisa.

"Vipo vyote, salama salimini. Nenda ukachukue. Ila ukifika usianze na habari ya kuchukua. Salimia, kaa, kula. Mtu aliyekutunzia mali humwendeagi kama polisi."

Jumatano nikaenda Bunda kwa shemeji yake. Mama mkarimu sana, mkulima wa pamba. Nikasalimia, nikakaa, nikala. Nilipoomba maji ya kunawa ndipo nikaziona nyavu. Zimezungushwa kwenye bustani ya mchicha na sukuma wiki, kuku wako nje wanachungulia.

Hakuleta ubishi hata kidogo. Alizifungua mwenyewe, akazifua na sabuni, akazianika, akanikabidhi zimekunjwa kama mashuka. Kwenye matundu alishashonea uzi wa katani. Ila wakati naondoka kuku walikuwa wameshaingia kwenye mchicha, na yule mama aliniangalia kwa namna iliyonibebesha dhambi mpaka Musoma.

Alhamisi nikakodi kirikuu cha mizigo, nikaenda Buswahili.

Baba mkubwa wa Mheshimiwa tumwite Mzee Wambura. Mzee wa miaka mingi lakini mkavu, anatembea kuliko mimi. Nilipofika niliyaona magoli kabla sijashuka kwenye gari. Moja amelisimamisha ukutani kwa nyumba. La pili ndilo lango la zizi la ndama, amelifunga fito kwa kamba za katani, ndama wamelala mle ndani wametulia.

Na yalikuwa yanang'aa, wakuu! Hakuna kutu hata chembe. Nikagusa chuma, mkono ukateleza. Nikanusa. Samli.

"Kila mwezi nilikuwaga nayapaka," mzee akasema. "Chuma bila mafuta inakufaga."

Nikatoa shikamoo, nikakaa, nikaletewa ugali na maziwa ya mgando. Nikala. Nikauliza habari za mvua, za ng'ombe, za muhogo. Nikafika kwenye jambo lenyewe.

"Mzee, tumekuja kuchukua yale magoli. Kuna mechi Jumamosi."

"Sawa mwanangu. Nani aliyaweka hapa?"

"Mheshimiwa."

"Basi aje yeye. Mimi kitu ya mtu namrudishiaga mwenyewe, simpi anayepita."

Nikampigia Mheshimiwa. Alikuwa kwenye semina. Mada ya semina niliiona baadaye kwenye group la kata: ushiriki wa vijana katika maendeleo. Akaniambia mzee yuko sahihi, atakuja mwenyewe kesho yake.

Kirikuu kikarudi Musoma kitupu.

Ijumaa tukaenda tena, safari hii na Mheshimiwa. Tukasalimia upya. Tukakaa upya. Tukala upya. Mimi jicho liko kwenye jua, maana linashuka tu. Wao wanaongea habari za mtu aliyefariki zamani aliyekuwa na dume jeupe.

Mwishowe Mheshimiwa akakohoa. "Baba, nimekuja kuchukua mali yangu."

"Karibu sana. Na ya kwangu ni ipi?"

Mimi sikuelewa. Mheshimiwa alielewa papo hapo, nikaona kichwa kinashuka.

"Yamekaa hapa mvua tatu," Mzee Wambura akasema. "Nimelinda. Nimepaka samli. Wanunuzi wa vyuma wamekuja hapa, nimewafukuza na panga. Mchungaji hapewi ndama?"

"Mzee, shikamoo," nikaingilia. "Lakini magoli hayazai."

Akanigeukia taratibu. Hakukasirika, alinionea huruma.

"Kwani kutokuzaa ni kosa langu mimi?"

Wakuu, jibu la hilo swali nalitafuta mpaka leo.

Nikamgeukia Mheshimiwa, nikamwambia haya ni mali ya umma, siyo yako wala ya mzee. Mwambie. Bhoke anasubiri, mwalimu anakuja kesho.

Mheshimiwa akanivuta pembeni. "Katibu, wewe ni mtoto wa wafugaji, unataka niaibike kwa baba yangu? Nikimnyima haki yake leo, nani atanitunzia kitu tena huku? Moja ni lake. Ni haki kabisa."

"Na mechi?"

"Tutaanza na moja. Maendeleo ni hatua."

Tukapakia goli moja. Lile la ukutani. La ndama likabaki, maana ndama wamelizoea.

Ijumaa jioni mabinti na baadhi ya wazazi walihangaika. Walikata milingoti ya mikaratusi, wakachimba, wakasimamisha goli la pili. Mama Bhoke alishika futi. Lilitoka goli zuri kwa macho ya mtu aliyechoka.

Jumamosi asubuhi mwamuzi alikuja na futi yake. Akapima la chuma, akapima la mti. Likapungua kimo, na nguzo moja ilikuwa imeinama upande. Akasoma kanuni: magoli mawili yanayofanana.

Tulibembeleza. Tulipiga magoti, nasema kweli. Wageni wenyewe, mabinti kutoka mbali na sare zao mpya, walisema wao wako tayari kucheza. Mwamuzi akasema anawaonea huruma lakini yeye anaandika ripoti. Saa nne na nusu akapuliza filimbi ya kumpa mgeni ushindi. Hata mechi ya kirafiki alikataza, akisema kanuni hairuhusu timu za ligi kucheza uwanja usio na magoli kamili. Filimbi moja tu ndiyo iliyolia siku hiyo.

Mwalimu alikuwa amefika tangu saa mbili. Kakaa kwenye kiti cha plastiki. Ndiyo, viti vilikuja, mama wa kwaya alivileta vyote, na ndivyo vifaa pekee vilivyofanya kazi yake.

Bhoke akamfuata mwenyewe. Alikuwa ameshavaa glovu.

"Mwalimu, goli moja lipo. Nipigie hata penati."

Wageni wakapanga foleni. Wakampigia penati kumi na moja, mchezaji mmoja mmoja. Wakuu, alizuia saba. Watu walipiga kelele uwanja mzima, mama yake akavua kanga moja akaizungusha hewani.

Mheshimiwa naye alikuwepo. Akachukua kipaza sauti. "Mmeona? Goli moja tu, na kipaji kimeonekana! Vifaa vikitunzwa vizuri matunda yake ndiyo haya!" Akapiga picha na Bhoke, katikati wameshika lile goli la samli.

Mwalimu akaniita pembeni.

"Kaka, huyu binti ana mikono. Hilo nimeliona. Lakini penati ni bahati na mikono. Mimi nataka kuona anavyotoka golini, anavyowapanga mabeki, akifungwa la kwanza anakuwaje. Hilo linaonekanaga kwenye mechi tu."

"Tupe wiki mbili tu, mwalimu."

"Nina nafasi moja, na wiki ijayo naenda kuangalia kipa mwingine."

Akala dagaa wa Mama Bhoke, akashukuru, akapanda gari. Yule kipa mwingine alicheza dakika tisini zote. Akachukuliwa.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na siyo kwa mwalimu. Kungekuwa na mwizi wa magoli ningemtukana nikapoa. Sasa namtukana nani? Mzee aliyepaka samli? Mwamuzi mwenye futi? Mama wa mchicha?

Mwezi uliofuata tukawa na mkutano wa kata. Mheshimiwa akasoma taarifa ya utekelezaji, kipengele cha vijana. Akasema kwa miaka zaidi ya mitatu, hakuna kifaa hata kimoja cha vijana kilichoibwa. Makofi. Goli moja limerudi likiwa jipya kuliko lilivyokwenda. Makofi zaidi. Akasema lile nalo ametafuta mtu mwaminifu wa kulitunza.

Bhoke akanyoosha mkono.

Mimi nilikuwa mezani na kalamu yangu, naandika muhtasari kama kawaida.

"Mheshimiwa, nauliza kwa heshima. Magoli yamewekwa kwa mtu. Nyavu, mipira, TV, vyote vimewekwa kwa watu. Sisi vijana wenyewe mmetuweka kwa nani?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Mheshimiwa aliangalia daftari lake, akafunua kurasa mbili tatu kama mtu anayetafuta jina. Halafu akasema swali limepokelewa, litafanyiwa kazi, tuendelee na mengineyo.

Nililiandika lote, neno kwa neno. Mtendaji wa kata akaniambia nilifupishe. Nilikataa, na kalamu nikamwachia hapo hapo.

Lile goli moja halikwenda kwa mtu. Mabinti walilitoa ofisi ya kata, lilipokuwa linasubiri, mchana kweupe, wakalisimamisha uwanjani, na mimi nilishika upande mmoja. Limeanza kupata kutu na mwamba wake umepinda kidogo kwa mashuti. Mheshimiwa akipita anasikitika kweli kweli, anasema tunaliua.

Nilichojifunza ni kwamba goli siyo ng'ombe. Goli likitunzwa bila kupigwa shuti halijatunzwa, limefichwa. Na cha pili kinaniuma zaidi: tusimcheke diwani peke yake. Yeye aliongea, lakini sisi ndio tuliopiga makofi, na mimi ndiye niliyeandika kwamba hakuna aliyepinga.

Sasa wakuu, uwanja ni wenu. Kwenye kata zenu vifaa vya vijana viko wapi? Mwenye kituo cha vijana kilichogeuzwa stoo ya mahindi aje hapa tufarijiane. Na mwenye jibu la lile swali la Mzee Wambura anisaidie, nilale. Matusi kwa mzee sitaki, alifanya kazi yake kuliko sisi wote.

Bhoke sasa hivi yuko na mama yake kwenye biashara ya dagaa, na jioni yuko golini. Nilimpa asome uzi huu kabla sijaupandisha. Alisoma mpaka mwisho, akacheka pale kwenye samli. Kisha akaniomba nifute sehemu moja tu, ile ya njiani, tulipokuwa tunarudi nyumbani siku ya mechi.

Nimeifuta.